Jangwa la Shela linalowanywesha Waamu

Ukikaa kwenye baraza yoyote ya Kibokoni au Mkanyageni baada ya sala ya magharibi, haichukui muda utapitishiwa simu uone picha zilizotoka Maskati. Jamaa zetu wa huko, ambao wazazi au babu za wengi wao walizaliwa papa hapa kisiwani, siku za mapumziko hujipakia katika magari wakaenda Sharqiya, kwenye ile nchi ya mchanga ambayo zamani ikijulikana zaidi kwa jina la Wahiba. Vilima vya mchanga vya pale hufikia kama mita 100 kwenda juu. Utawaona watoto wanateleza kutoka kileleni, kanzu zimejaa upepo, na nyuma yao mchanga mwekundu usio na mwisho.

Basi watoto wako nao huinua vichwa. "Baba, na sisi tupeleke jangwani." Nawe, kwa kuwa unajua bei ya tikiti ya ndege na hali ya mfuko wako, hujifanya umesikia mtu anakuita barabarani.

Leo nataka usikimbie. Jangwa unalo hapa hapa Pwani ya Kenya, na pasipoti huihitaji. Wataalamu watanikosoa, kwa maana jangwa kwa kweli ni mahali pasipopata mvua, na Lamu mvua inanyesha, ijapokuwa kwa mwaka haifiki milimita 1,000. Lakini simama juu ya vilima vya Shela saa kumi za jioni, ugeuke nyuma usione nyumba, uniambie hapo si jangwa ni nini.

Tuanzie nyumbani. Kisiwa chetu cha Mombasa ni jiwe. Chimba popote Mji wa Kale na utagonga tumbawe, jiwe lile lile lililojengewa Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593. Mchanga wa kupanda na kushuka hapa hakuna. Yakubidi uvuke daraja la Nyali uelekee kaskazini, na mahali pa kwanza utakapoona vilima vya haja ni Mambrui, kilomita kama 15 kupita Malindi.

Mchanga wa Mambrui una kisa chake. Kabla hujafika huko unavuka mto wenye majina matatu. Ukiwa bara, karibu na Nairobi, unaitwa Athi. Ukishakutana na Tsavo unaitwa Galana. Ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Huo ni mto mmoja, na wakati wa mvua maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu umebeba udongo wa mashamba ya bara. Udongo ule unamwagwa baharini baina ya Malindi na Mambrui, mawimbi yanauosha, mchanga unatupwa ufuoni, na upepo unauchukua kuujengea vilima. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti wao juu ya tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka kama 300. Tumbawe huongezeka tabaka kwa tabaka kama shina la mti, na katika tabaka zile walisoma kwamba udongo unaoletwa na mto ulianza kuongezeka sana mwanzoni mwa karne ya ishirini, mashamba ya bara yalipopanuliwa. Kwa hivyo mtoto wako anapojiviringisha pale Mambrui, huenda anajiviringisha juu ya shamba la mtu wa Machakos. Mwambie.

Mambrui nitaiacha hapo. Ni safari nzuri ya siku moja kwa mwenye haraka, na kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya Kichina linafaa kuangaliwa. Lakini vilima ninavyotaka uvione ni vya Shela, katika kisiwa cha Lamu.

Ukishuka Lamu mjini, Shela iko mwendo wa kama kilomita tatu kwa kufuata ufuo. Maji yakikupwa utakwenda kwa miguu, yakijaa utapanda mashua. Utaupita msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wenye mnara wa mviringo uliojengwa mwaka 1829, kisha nyumba zitakwisha na mbele yako utafunguka ufuo wa kilomita kama 12 unaotazama bahari kuu. Mkono wako wa kulia ndipo vinapoanza: kilima nyuma ya kilima, vyeupe asubuhi, vya rangi ya asali jioni. Vilivyo mbele vimeshikwa na nyasi na mimea itambaayo yenye maua ya zambarau. Vya nyuma yake ni vitupu.

Vua viatu upande. Upande unaotazama bahari ni mwinamo wa taratibu, kwani huo ndio upepo unaoupanda. Upande wa pili umekatika kama paa la makuti, na hapo ndipo watoto watakapotaka kuteleza. Enyi wanafunzi, msidhani umbo hilo ni bahati tu. Chembe ya mchanga hairuki mbali kama vumbi. Huruka kidogo, ikaanguka, ikagonga nyingine nayo ikaruka, hivyo hivyo hadi kileleni, kisha huporomoka upande wa pili. Ndiyo maana kusi ikivuma kwa nguvu, mwezi wa Juni hata Agosti, mchanga hukuchoma vifundoni kabla ya kukufika usoni. Na ule upande wa kuporomokea hauwezi kusimama wima kupita nyuzi kama 34, hata kilima kiwe kirefu namna gani. Mwageni sukari kavu kwenye sinia nyumbani mtaona chungu linakataa kuwa wima zaidi. (Msiseme ni mimi niliyewatuma, mama akiuliza sukari imekwenda wapi.)

Sasa, ndugu yangu wa Mji wa Kale, kabla hujateleza sikiliza jambo linalokuhusu wewe hasa.

Kati ya mwaka 1812 na 1814 jeshi lilishuka katika ufuo huu. Walikuwa watu wa Pate, na pamoja nao watu wa Mombasa waliotumwa na Mazrui, waliokuwa wakitawala mji wetu. Nia yao ilikuwa kuitia Lamu mkononi. Waamu waliwatokea hapa Shela wakawapiga pigo ambalo halijasahauliwa. Masimulizi ya Lamu husema washambulizi walipokimbilia majahazi yao walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Waliouawa ufuoni walikuwa wengi. Baada ya hapo Waamu, wakiogopa Mombasa kurudi kulipiza kisasi, walimwomba Sayyid Said wa Oman awalinde. Ngome ya Lamu ikamalizwa kama mwaka 1821, na mwaka 1837 Sayyid huyo huyo akauvunja utawala wa Mazrui hapa Mombasa. Wanafunzi mnaomsoma Muyaka bin Haji, malenga wetu aliyefariki mwaka 1840, mtaelewa vizuri zaidi ukali wa mashairi yake kuhusu Lamu mkikumbuka ufuo huu.

Wenyeji wa Shela watakuambia kwamba upepo ukihamisha mchanga, mara kwa mara mifupa ya watu hujitokeza, na vigae vya vyungu vya kale. Ikiwa wewe ni mzaliwa wa Kuze au Bondeni na ukoo wako ni wa zamani, huenda kuna damu yako chini ya kilima kile. Basi watoto wakiona mfupa wasiuchezee. Rudishieni mchanga, ombeni dua, mwendelee na safari. Na vigae wasivitie mfukoni, kwa maana sheria ya Makumbusho ya mwaka 2006 inakataza kuchukua vitu vya kale.

Hiyo ndiyo hadithi ya juu ya mchanga. Ya chini yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Mara ya kwanza kufika pale nilimkuta mzee mmoja wa Shela amekaa chini ya kilima, anamngoja punda wake apumzike. Nilimwamkia, nikamwambia kwa masihara ya kimjini, "Mzee, mchanga wote huu hauna faida, hata muhogo hauoti." Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyetukana bila kujua. "Mwanangu," akasema, "mai ya Amu yako hapo tini ya maguu yako."

Alisema kweli tupu. Mvua ikinyesha Mombasa, maji hupita juu ya lami na paa, yakaingia mitaroni na kukimbilia baharini. Ikinyesha juu ya vilima vya Shela haikimbii kokote. Mchanga huinywa. Maji hushuka polepole, yakichujwa njiani, mpaka yakutane na maji ya bahari ambayo nayo yamepenya chini ya kisiwa kutoka pande zote. Hapo hayachanganyiki upesi. Maji matamu ni mepesi, ya chumvi ni mazito, basi matamu huelea juu ya ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kisiwa kizima kinakunywa kutoka katika tabaka hilo linaloelea. Visima vimechimbwa pale Shela na maji hupigwa pampu hadi mjini Lamu.

Jaribuni nyumbani. Chukueni gilasi, tieni maji nusu mkoroge chumvi vijiko vitatu vya kulia. Kisha chukueni maji matamu mliyoyatia rangi kwa chai ya rangi iliyopoa, myamimine taratibu juu ya mgongo wa kijiko ili yasirukie. Mtaona rangi inakaa juu. Sasa tumbukizeni mrija juu juu mvute: ni matamu. Ushusheni chini mvute tena, mtakunja nyuso. Na mkivuta kwa pupa, hata huo mrija wa juu baada ya muda huanza kuleta chumvi. Hicho ndicho kisima cha Shela ndani ya gilasi.

Hesabu yake iligunduliwa na watu wawili kila mmoja kwa wakati wake, Mholanzi Badon Ghyben mwaka 1889 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901. Walikuta kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukisikia mara ya kwanza unafurahi, kumbe akiba ni kubwa kiasi hiki! Lakini igeuze hesabu. Ukivuta maji hata ile mita moja ya juu ikaisha, chumvi nayo itapanda zile mita 40 kuja kukukuta. Haiji siku ile ile, huja kwa miaka, na ikishaingia kisimani kuitoa ni kazi ya miaka mingine mingi.

Watu wa Shela hawakuhitaji Mholanzi kuwaambia. Ng'ambo ya mkondo, katika kisiwa cha Manda, kuna magofu ya mji wa Takwa, wenye msikiti wake, ukuta wake, na kaburi la mnara lenye tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682. Kufikia kama mwaka 1700 mji ule ulikuwa umehamwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wanataja visima kuingia chumvi kuwa miongoni mwa sababu. Wakazi walivuka maji wakaja kukaa Shela, chini ya vilima hivi, na mpaka leo watu wa Shela huvuka kurudi Takwa kulizuru lile kaburi na kuomba mvua. Wanaomba mvua kwenye mji uliokauka, ili inyeshe juu ya mchanga unaoihifadhi.

Sasa utaelewa kwa nini vilima hivi viliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ule ule ambapo UNESCO iliuorodhesha mji wa kale wa Lamu, mwaka 2001, kuwa urithi wa dunia. Utaelewa pia kwa nini wazee wa huko hawalali vizuri. Mahali pazuri hupendwa, na aliyepapenda hutaka kujenga. Kuta zimepanda kukaribia na hata kuingia vilimani, zenye madirisha ya kutazama bahari, na penye nyumba pana choo, na choo juu ya mchanga ni choo juu ya kisima. Wengine huchukua mchanga wenyewe kwa ujenzi. Na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, inaleta watu, na kila mtu ana ndoo yake. Mimi sipingi bandari, wala simkatazi mtu kujenga nyumba. Ila anayeuza ploti juu ya kilima kile anauza kitu ambacho mnunuzi hakioni kwenye ramani na muuzaji anajifanya hakioni.

Usidhani haya ni ya Waamu peke yao. Sisi wa Mombasa, tunaomngoja mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20 tangu alfajiri, maji yetu yanatoka mbali, na mojawapo ya vyanzo vyake ni Baricho, kando ya Sabaki ule ule wa majina matatu. Maji ya Baricho huvutwa kwa visima vilivyochimbwa katika mchanga wa bonde la mto, mchanga ukiyachuja kama ule wa Shela. Visima vyetu vya majumbani katika Mji wa Kale vipo, lakini onja maji yake uone kama unaweza kuyapikia chai. Jiwe letu la tumbawe lina matundu na bahari i mlangoni. Hata ndani ya Ngome kulijengwa birika la kuwekea maji ya mvua.

Haya, umekata shauri kwenda? Mabasi ya Lamu yanaondokea Mwembe Tayari, hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka hapo ni mashua. Barabara ya Garsen hadi Lamu, ambayo zamani masika ikiigeuza kuwa shamba la mpunga, sasa ni lami. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014 ulinzi umekuwa mkali njiani, basi uliza hali ya usalama kabla ya kukata tikiti, na kila mtu mzima abebe kitambulisho, kwa sababu utashushwa kwenye vizuizi. Mtoto mdogo mpe kiti cha ubavuni mwa dirisha, safari ni ndefu.

Nenda Januari au Februari ukitaka bahari tulivu na kaskazi ya kukupoza, au Agosti ukitaka kuona mchanga ukitembea kwa macho yako. Vilimani panda alfajiri au baada ya alasiri. Saa saba mchana mchanga unaunguza nyayo, na kivuli hakuna hata cha kumfunika kuku. Kila mtu abebe maji yake ya kunywa. Mahamri ya jana na tende zitawatosha, majani mliyofungia chakula rudini nayo. Shela ni kijiji cha watu wenye heshima zao, basi mavazi yawe ya kwenda kwa wakwe, ya kuogea yabaki ufuoni. Na ufuo ule unatazama bahari wazi isiyo na mwamba wa kuvunja mawimbi, kwa hivyo watoto wasipite maji ya magoti.

Kuteleza telezeni, lakini katika vilima vitupu. Vile vyenye nyasi viacheni. Mizizi ile ndiyo inayoushika mchanga, na panapong'olewa mmea mmoja upepo hupata mlango.

Ukimkuta yule mzee na punda wake, msalimie. Ukimwambia umetoka Mombasa atakutania kwanza juu ya vita vya Shela, na usipokasirika atakuonyesha kisima cha kijijini. Omba uonje. Mimi nilipoonja nilitaka kujaza chupa nije nayo Kibokoni, akanizuia mkono. Alisema nikipenda ninywe hapo hapo hadi nishibe.